Mzee ana saratani ya mapafu: nani akae mezani tiba yake inapopangwa?

Majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo kilichotolewa kwenye uvimbe ili kipimwe, yakishatoka, kundi la WhatsApp la familia huchemka. Kaka wa Dar anamjua bingwa mmoja mwenye kliniki yake. Dada wa Arusha anataka faili liende Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Shemeji aliyeko Muscat anauliza kwa nini mzee asipelekwe India, na kwamba yuko tayari kuchangia tiketi. Binti anayeishi na mzee, anayempikia uji na kumshika mkono usiku kwenda chooni, mara nyingi haandiki kitu.

Mabishano hayo huwa ni ya dawa na hospitali. Kabla ya hapo kuna swali ambalo halipati nafasi: mpango wenyewe unapangwa na nani? Kwa familia za Afrika Mashariki njia zilizopo ni tatu hivi. Ya kwanza ni daktari bingwa mmoja anayebeba kila kitu. Ya pili ni jopo, yaani kikao cha mabingwa wa fani mbalimbali wanaolipitia faili pamoja. Ya tatu ni jopo hilohilo, lakini likiwa limeletewa tathmini ya mgonjwa kama mzee: miguu yake, kumbukumbu yake, dawa zake nyingine, na nyumba anayorudi baada ya dripu ya dawa za saratani.

Tofauti kati ya njia hizi ina uzito zaidi kwa wazee kuliko kwa vijana. Saratani ya mapafu ni ugonjwa wa umri mkubwa. Nchini Marekani karibu nusu ya wagonjwa hugundulika wakiwa na miaka 70 au zaidi. Hata hivyo dozi nyingi zinazotumika zilijaribiwa kwa watu wenye umri mdogo zaidi na afya nzuri zaidi kuliko mgonjwa wa kawaida anayekaa kwenye benchi la kliniki. Kuna mzee wa miaka 78 ambaye bado anapanda milima ya Uluguru kwenda shambani, na kuna wa 66 ambaye kisukari kimekula figo na nyayo zake hazihisi sakafu. Ukisoma miaka tu kwenye faili, wa kwanza anaweza kunyimwa tiba ambayo angeimudu, na wa pili akapewa tiba itakayomwangusha.

Kabla hatujalinganisha

Hakuna njia kati ya hizi inayoweza kufidia ukosefu wa msingi. Msingi ni kinyama kilichosomwa na mtaalamu wa patholojia, picha ya CT ya kifua na sehemu ya juu ya tumbo, na hatua ya ugonjwa, yaani umesambaa kiasi gani, kuanzia ya I hadi ya IV. Takribani asilimia 85 ya saratani za mapafu ni za aina isiyo ya seli ndogo na zilizobaki ni za seli ndogo, na aina hizi mbili hutibiwa tofauti kabisa. Kinyama kikitosha, kiulizwe pia vipimo vya jeni kama EGFR na ALK, kwa sababu mgonjwa akiwa na mabadiliko hayo zipo tiba za vidonge ambazo hata mzee dhaifu anaweza kuzimudu kuliko dripu.

Huku kwetu kuna tatizo jingine. Kikohozi kisichoisha, kukonda, jasho la usiku na doa kwenye eksirei ni dalili za kifua kikuu, na pia za saratani. Wapo wazee wanaomeza dawa za TB kwa miezi bila makohozi kuwahi kuonyesha vimelea. Kama kipimo cha TB cha GeneXpert hakikuona kitu na mzee haongezeki uzito baada ya wiki kadhaa za dawa, rudini mkaulize upya. Miezi inayopotea hapo ni mingi kuliko inayopotea kwenye foleni ya jopo lolote.

Tupime kwa vigezo gani

Nimechagua vitano, na nimeviuliza kwa kila njia bila upendeleo. Upana wa macho: je, wanaopanga wanaona kila kinachopaswa kuonekana? Kasi: muda gani unapita kati ya majibu na tiba? Gharama na safari: familia inalipa nini, na mzee anasafiri mara ngapi? Sauti ya mzee: nani anamuuliza anataka nini? Na baada ya mpango: homa ikipanda saa nane usiku, simu inapigwa kwa nani?

Njia ya kwanza: daktari bingwa mmoja

Upana wa macho. Ukisoma miongozo ya Ulaya utadhani njia hii haina utetezi. Kwetu ina utetezi mmoja mkubwa: Tanzania na Kenya, madaktari wengi wa saratani wamesomea dawa na mionzi kwa pamoja, hivyo mtu mmoja anakalia viti viwili ambavyo Marekani hukaliwa na watu wawili. Anachokosa ni daktari wa upasuaji wa kifua, mtaalamu wa picha anayeitazama CT upya badala ya kusoma ripoti tu, na daktari wa mapafu anayejua kama pafu linalobaki litatosha kupumulia. Mzuri huwapigia simu wenzake. Wa kawaida hutumia kile alichonacho mkononi.

Kasi. Hapa anashinda, na ushindi huu si mdogo. Saratani ya seli ndogo hukua haraka sana lakini pia husikia dawa haraka. Mzee aliyekuwa hoi anaweza kukaa kitandani na kuomba chakula ndani ya wiki chache za tiba. Kumsubirisha huyo kikao cha wiki mbili zijazo ni kumpotezea nafasi. Zipo pia dharura zisizohitaji kikao: uso na shingo kuvimba kwa sababu uvimbe umebana mshipa mkubwa wa damu, miguu kuishiwa nguvu ghafla kwa sababu uti wa mgongo umebanwa, maji kujaa kifuani hadi pumzi inakata. Hayo ni ya siku hiyohiyo.

Gharama na safari. Ada ya kliniki binafsi ni kubwa kwa kila ziara, lakini ziara ni chache na hazina foleni. Ulizeni mapema kama bima inalipia dawa za saratani kwenye kituo hicho au inalipia kumwona daktari tu. Familia nyingi hugundua tofauti hiyo dirishani.

Sauti ya mzee. Inategemea mtu. Daktari aliyemtibu presha kwa miaka kumi anamjua mgonjwa wake kuliko jopo lolote. Lakini kliniki binafsi ndiko pia watoto wanakoingia kwanza peke yao: "Dokta, tafadhali usimwambie mzee, atakata tamaa." Daktari asiye na mwenzake wa kumpinga hukubali kirahisi, na mzee anaanzishiwa dripu akidhani ni za nimonia. Hilo huwa na mwisho mbaya, kwa sababu mwili wake unamwambia ukweli kabla ya watoto wake.

Baada ya mpango. Namba ya simu ni moja na jina ni moja. Akisafiri au akiugua, hakuna wa pili anayelijua faili.

Inamfaa nani: mgonjwa wa dharura, mgonjwa wa seli ndogo asiyeweza kusubiri, na yule ambaye mpango wake hauna utata, kwa mfano ugonjwa ulioenea ambao lengo ni kupunguza maumivu na kukohoa damu.

Njia ya pili: jopo

Uingereza ilianza kulijenga jopo kama utaratibu wa kawaida baada ya ripoti ya Calman na Hine ya mwaka 1995, na Ufaransa ni takwa rasmi kwamba mgonjwa wa saratani apitishwe kwenye kikao cha fani mbalimbali. Kwetu vikao hivi hufanyika kwenye hospitali kubwa za rufaa na za vyuo vikuu, na familia nyingi hazijui kwamba zina haki ya kuuliza kama faili la mzee wao limepita hapo.

Upana wa macho. Mezani wanakaa daktari wa mapafu, wa upasuaji wa kifua, wa dawa na mionzi, wa picha na wa patholojia. Penye bahati, na mfamasia, muuguzi wa saratani na mtu wa tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu na mateso. Faida yao huonekana zaidi katikati, kwenye hatua ya III, ambako majibu hayako wazi. Je, uvimbe huu unatolewa? Mionzi peke yake, au pamoja na dawa? Mfano mzuri ulitoka Japani mwaka 2012. Wagonjwa 200 wenye zaidi ya miaka 70 waligawanywa: wengine mionzi tu, wengine mionzi pamoja na dozi ndogo ya dawa ya saratani, kaboplatini, kila siku. Nusu ya waliopata vyote viwili waliishi zaidi ya miezi 22.4; kwa waliopata mionzi tu ilikuwa miezi 16.9. Lakini waliopata vyote viwili walishuka chembe za damu na kupata maambukizi zaidi. Kuamua mzee gani aingizwe kundi lipi kunataka macho ya mtu wa picha, wa mionzi na wa dawa kwa wakati mmoja, maana kosa la upande wowote ni ghali.

Niseme pia upande wa pili. Ushahidi kwamba jopo lenyewe linarefusha maisha umetokana zaidi na kuwafuatilia wagonjwa waliopitishwa na wasiopitishwa, na wanaopitishwa mara nyingi ni wale wenye nafuu tayari. Faida yake ya kueleweka zaidi ni ya kikazi: hatua ya ugonjwa inasomwa kwa usahihi, na vipimo vilivyosahaulika vinakumbukwa.

Kasi. Kikao kina siku yake. CD ya picha ikisahaulika nyumbani, au kipande cha patholojia kikiwa bado hospitali ya mkoa, faili linasogezwa hadi kikao kijacho, na kijacho kinaweza kusogezwa tena. Ndugu mmoja akabidhiwe kazi ya karatasi: CD yenyewe, ripoti ya kinyama, vipimo vya damu vya karibuni, na orodha ya dawa.

Gharama na safari. Kinachokula fedha ni vipimo vinavyotakiwa kabla ya kikao, pamoja na nauli na malazi. Mionzi Tanzania iko kwenye hospitali chache, zikiwemo Ocean Road na Bugando ya Mwanza. Kenya, ukiacha Nairobi na Eldoret, Mombasa na Nakuru nako ipo. Mgonjwa wa Kigoma au wa Lamu anahesabu safari kabla ya kuhesabu dawa. Sera ya Tanzania inataka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Kamilisheni utambulisho huo kijijini au mtaani kabla ya kusafiri. Kenya, tangu Oktoba 2024 bima ya taifa inaendeshwa na SHA, hivyo usajili na idhini ya matibabu ya saratani viwe tayari kabla ya siku ya kikao.

Sauti ya mzee. Hiki ndicho kigezo ambacho jopo hukifeli mara nyingi. Mzee hayupo chumbani. Faili lina dakika chache, na kinachosomwa ni umri, hatua, na namba ya kiwango cha nguvu, kuanzia 0 kwa anayefanya kila kitu hadi 4 kwa asiyetoka kitandani. Wazee wawili wenye namba 2 wanaweza kuwa tofauti kabisa: mmoja amechoka kwa sababu ya saratani na tiba itamwinua, mwingine amechoka kwa sababu ya moyo, na tiba itammaliza. Namba haisemi yupi ni yupi.

Baada ya mpango. Uamuzi wa watu wanane unaweza kukosa mwenyewe. Msitoke hospitalini bila jina la daktari mmoja anayeusimamia, na muuguzi mmoja wa kupigiwa simu.

Inamfaa nani: mwenye hatua ya I hadi ya III, ambaye upasuaji au mionzi ya kuponya bado inawezekana, na mwenye ripoti zinazopingana.

Njia ya tatu: jopo lililoletewa tathmini ya mzee

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo njia isiyojulikana kwetu, na kwa sababu watu huipa sifa isiyo yake. Husemwa kwamba inarefusha maisha. Tafiti hazisemi hivyo. Zinachosema, kwa maoni yangu, kina thamani kubwa kwa familia, ila ni kitu kingine.

Upana wa macho. Tathmini huanza na maswali machache ya kuchuja. Moja ya dodoso zinazotumika sana, G8, ina maswali manane kuhusu ulaji, uzito, kutembea, kumbukumbu, dawa na umri. Alama ya juu ni 17, na mwenye 14 au pungufu hupelekwa kwenye tathmini kamili. Kamili inagusa mambo ambayo daktari wa saratani hana muda nayo. Anadondoka? Anatembea mita 4 kwa sekunde ngapi? (Zaidi ya 5 ni onyo.) Anaoga na kuvaa mwenyewe? Anashika fedha zake na kumeza dawa bila kukumbushwa? Anameza dawa ngapi, za hospitali na za mitishamba? Ana huzuni? Nani yuko nyumbani usiku?

Maswali haya yanabadilisha dawa, si adabu tu. Pakilitakseli, mojawapo ya dawa za dripu, hutia ganzi vidole na nyayo. Mzee mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimeshakufa ganzi, na choo chake kiko nje uani, atadondoka. Sisiplatini, dawa nyingine ya dripu, hugusa figo na masikio. Mzee aliyekonda anaweza kuwa na kreatinini, kipimo cha damu cha figo, inayoonekana nzuri kwenye karatasi kwa sababu tu misuli inayoitengeneza imekwisha, huku figo zimeshachoka. Deksamethasoni inayotolewa kuzuia kutapika hupandisha sukari. Mzee anayesahau hatakumbuka kwamba homa baada ya dripu ni sababu ya kukimbilia hospitali, kwa hiyo lazima awepo wa kukumbuka kwa niaba yake. Nani anayajua haya yote? Yule binti ambaye hakuandika kitu WhatsApp.

Sasa tafiti. Mwaka 2011 Wafaransa walichapisha jaribio la wagonjwa 451 wenye miaka 70 hadi 89, ugonjwa ukiwa umeenea. Waliopewa dawa mbili pamoja, kaboplatini na pakilitakseli, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 10.3, waliopewa dawa moja, miezi 6.2. Kwa hiyo kumpa mzee dozi ya huruma kwa sababu tu ni mzee kunaweza kumpunguzia maisha. Lakini karibu nusu ya waliopewa dawa mbili walishuka vibaya chembe nyeupe za kinga, dhidi ya mmoja kati ya wanane kwa kundi la pili. Swali likabaki: unamjuaje atakayeimudu?

Kundi jingine la Wafaransa likajaribu kujibu. Utafiti wa ESOGIA, uliochapishwa 2016, ulichukua wagonjwa 494 wa miaka 70 na zaidi wenye hatua ya IV. Nusu yao walipangiwa tiba kwa umri na namba ya nguvu, nusu kwa tathmini kamili ya uzee. Urefu wa maisha haukutofautiana: miezi 6.1 na 6.4. Hapo wengi huacha kusoma, na hapo ndipo jambo linapoanza kunoga. Kwenye kundi la tathmini, waliopewa dawa mbili walikuwa wengi zaidi, asilimia 46 dhidi ya 35. Na asilimia 23 hawakupewa kemo, yaani hizo dawa za dripu, kabisa, wakatunzwa tu. Wenye nguvu walisukumwa mbele, dhaifu wakaepushwa. Waliolazimika kuacha tiba kwa sababu ya madhara walishuka kutoka karibu 12 kwa kila mia hadi chini ya 5. Yaani karibu robo ya kundi hawakupitia dripu, kutapika na safari, na muda wa kuishi kwa ujumla haukupungua.

Marekani nako, utafiti wa GAP70+ wa mwaka 2021 ulifuata wagonjwa 718 wa miaka 70 na zaidi wenye saratani mbalimbali zisizoponyeka, wakiwemo wa mapafu. Madaktari walipopewa muhtasari wa tathmini na mapendekezo, waliopata madhara makali walikuwa asilimia 51; pasipo muhtasari, 71. Waliodondoka, 12 dhidi ya 21. Na hapa kuna jambo la kutiliwa maanani kwetu, ambako mabingwa wa magonjwa ya wazee ni wachache mno: utafiti huo haukumweka bingwa huyo chumbani. Ulimpa daktari wa saratani karatasi. Chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kinapendekeza tathmini hii kwa kila mwenye miaka 65 na zaidi anayeanza dawa za saratani, na sehemu kubwa yake inafanywa na muuguzi au na mgonjwa mwenyewe akisaidiwa na nduguye.

Kasi. Inaongeza hatua moja. Ikifanywa wakati majibu ya patholojia yanasubiriwa, haipotezi siku hata moja.

Gharama na safari. Kiti, saa ya mkononi na mizani si ghali. Ghali ni yale inayoyaibua: mazoezi ya viungo, lishe, mtu wa kukaa na mzee. Tathmini ambayo hakuna wa kuifanyia kazi inabaki karatasi.

Sauti ya mzee. Hapa ndipo inapozidi nyingine. Muulizaji analazimika kumkalia mzee, kumwamkia, na kumuuliza: mzee wangu, ni kipi unachokithamini zaidi, kuongezewa siku au kuendelea kwenda msikitini kwa miguu yako? Wapo watakaosema siku, kwa sababu mjukuu anaolewa mwezi wa kumi. Wapo watakaosema miguu. Majibu yote mawili yanabadilisha mpango.

Baada ya mpango. Nzuri pale ambapo muuguzi aliyefanya tathmini anaendelea kufuatilia. Asipokuwepo, hali ni ileile ya njia ya pili.

Inamfaa nani: mwenye miaka 70 na zaidi anayefikiriwa kemo au kemo pamoja na mionzi, mwenye magonjwa mengine matatu manne, aliyedondoka au kukonda karibuni, na yule ambaye familia imegawanyika kuhusu uwezo wake.

Kuhusu India

Siiweki kama njia ya nne kwa sababu India nako utapata daktari mmoja au jopo, kutegemea hospitali. Swali la kuuliza ni lilelile: faili litapita kikao gani, na mzee akirudi nani wa hapa atapokea mpango? Kutuma picha na ripoti kwa maoni ya pili ni rahisi kuliko kumpandisha ndege mtu anayehitaji oksijeni. Dripu ya kwanza Chennai na ya pili Dodoma, bila daktari wa Dodoma kuwa sehemu ya mpango, ni mpangilio mbovu hata kama hospitali zote mbili ni nzuri.

Na tiba shufaa

Hii inaingia kwenye njia zote tatu, na mapema. Mwaka 2010 utafiti wa Boston kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyoenea ulionyesha kwamba waliokutanishwa na timu ya tiba shufaa tangu mwanzo waliishi vizuri zaidi na pia muda mrefu zaidi, miezi 11.6 dhidi ya 8.9, ingawa walipewa matibabu machache makali mwishoni. Afrika Mashariki hatuko nyuma kwenye fani hii: Nairobi Hospice ilianza 1990, Hospice Africa Uganda 1993, na mofini ya maji ya kunywa, dawa ya maumivu makali, imezoeleka kwetu kuliko nchi nyingi. Mkiambiwa "tiba shufaa ni ya wanaokufa", ulizeni hospitali nyingine.

Kwa hali yenu, mwelekee wapi

Kama mzee ana dharura au aina yake ni ya seli ndogo, anzeni na bingwa mmoja leo, na faili liende jopo tiba ikiwa imeshaanza.

Kama ugonjwa uko kifuani tu na bado kuna nafasi ya kupona, subirini jopo hata kama ni wiki mbili, hata kama daktari wa kwanza yuko tayari kesho. Mzee akiwa na nguvu msikubali jibu la "umri wake umeenda" kutoka kwa mtu mmoja. Takeni daktari wa upasuaji na wa mionzi walipitie faili kwa pamoja, baada ya pafu kupimwa uwezo wake.

Kama ugonjwa umeenea na kinachozungumzwa ni kemo, tathmini ya uzee ndiyo itakayowaambia zaidi. Hospitali isipokuwa nayo, andikeni wenyewe ukurasa mmoja: amedondoka mara ngapi miezi sita hii, uzito wa sasa na wa zamani, dawa zote pamoja na za miti, anachoweza kufanya bila msaada, anayelala naye, choo kiko wapi, anachosahau. Aandike anayeishi naye. Ukurasa huo uwekwe juu kabisa ya faili, na mwombe daktari ausome kabla ya kutaja dozi.

Kama mko mbali na uwezo ni wa safari moja tu, tumeni picha na ripoti kwanza kupitia daktari wa hospitali ya mkoa, mpate siku ya kikao, kisha ndiyo msafiri. Dawa zinazoweza kutolewa mkoani zitolewe huko.

Na kama mzee, akiwa na akili zake timamu na ameelezwa kila kitu, anasema hataki dripu, bado anahitaji daktari. Mpelekeni kwa timu ya tiba shufaa iliyo karibu, mwulize kuhusu mofini ya maji, oksijeni, na mionzi ya mara moja kwa ajili ya mfupa unaouma. Mpango bila kemo nao una tarehe ya kliniki, una dawa, na una mtu wa kupigiwa simu usiku.